Delta ya Rufiji: nikimfuata mlinzi wa mikoko wa mwaka 1915

Jumapili, Kibiti

Basi la kutoka Mbagala limenishusha Kibiti jua bado kali. Nimepata chumba karibu na stendi, nimekula wali kwa kambale, na sasa naandika feni ikizunguka pole pole.

Nimekuja kuwatafuta walinzi wa misitu wa mwanzo kabisa, wale waliokuwa kazini kwenye delta ya Rufiji wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoingia mpaka ndani ya mikoko yao. Habari za Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humu, zimeandikwa na Wajerumani, Waingereza na Makaburu. Kapteni wake, Max Looff, anajulikana. Marubani walioitafuta wanajulikana. Waliokuwa wakipita kwenye mito hii kila siku kabla ya manowari kufika, wakijua mlango upi una kina na upi utakukwamisha maji yakipwa, hao wametajwa kwa mafungu tu: wenyeji, wapagazi, askari. Linaniuma jambo hili, na ndilo lililonitoa nyumbani.

Kazi ya misitu kwa maana ya serikali, yenye ofisi, vibali na ushuru, ilianzia hapa Rufiji kabla ya milima ya Usambara kuwekewa mabwana misitu wake. Mwaka 1898 Wajerumani waliweka utawala wa misitu kwenye delta. Mikoko ilikuwa fedha. Boriti za Rufiji zilikuwa zikisafiri kwa majahazi mpaka Uarabuni na Ghuba, kwenye miji isiyo na miti ya kuezekea, na magome yake yalihitajika Ujerumani kwa kutengenezea ngozi. Biashara ya boriti ina umri mkubwa kuliko dola ya Mjerumani. Yeye aliikuta, akakaa mlangoni kuitoza.

Jumatatu, Nyamisati

Asubuhi nilirudi nyuma mpaka Bungu, nikachukua bodaboda hadi Nyamisati. Njia inapita kwenye mikorosho na minazi, kisha ghafla unasikia harufu ya tope la chumvi na unajua umefika. Nyamisati ndipo watu wanapopandia kivuko cha kwenda Mafia, kwa hiyo gatini kuna pilika: magunia, kuku kwenye matenga, mama wenye watoto mgongoni.

Bwana misitu niliyeelekezwa kwake ni kijana wa miaka thelathini na kitu. Nilimweleza ninachotafuta, akanitazama kidogo, kisha akasema, "Kaka, kama unataka kujua kazi ya hao wazee, twende tu kazini. Haijabadilika sana."

Tuliingia mtumbwini na nahodha, mzee wa makamo anayeitumia mashine maji yakiwa mengi na kushika upondo yakipungua. Mikoko ya delta hii ndiyo msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake uliokaa pamoja katika Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ukiwa ndani yake hekta huzioni. Unaona ukuta wa kijani kulia, ukuta wa kijani kushoto, na mkono wa maji unaogawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena.

Nahodha alinifundisha miti huku tunakwenda. Mlilana hukaa mbele kabisa kuelekea bahari. Mkoko ni ule wenye mizizi iliyotanda juu ya maji. Msinzi hutoa nguzo nzuri, mkandaa ni mwembamba ila mgumu, mchu huota hata mahali ambapo wenzake wameshindwa na chumvi, mkomafi una tunda kubwa kama mpira wa miguu. Kila mmoja una kazi yake mjini. Mkoko na msinzi huenda kwenye dari na nguzo, mkandaa kwenye fito na pau, mchu na mlilana hutoa mataruma, yaani mbavu za vyombo.

Kisha ikaja hesabu, na hapo nilifungua daftari. Mti haununuliwi kwa kusema "mti". Kuna fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila daraja kwa unene wake, na vyote huhesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Bwana misitu alinionyesha anavyopima mkoko uliosimama. Mti wa kawaida hupimwa usawa wa kifua. Mkoko haupimiki hivyo kwa sababu hapo kifuani bado ni mizizi. Anapanda juu ya mizizi, anatafuta mzizi wa mwisho unapotokea, anaongeza kiasi cha sentimita thelathini, ndipo anazungusha utepe. Alifanya hivyo mguu mmoja umezama topeni mpaka gotini, mkono mmoja umeshika tawi, kalamu mdomoni. Akaandika, akashuka, akaenda kwenye mti wa pili. Kaa wadogo wekundu walikuwa wakikimbilia mashimoni kila alipoinua mguu.

Jumanne, Salale

Wajerumani waliweka kituo chao cha misitu Salale. Leo Salale ni jina la kata nzima, na Nyamisati yenyewe imo humo. Tulitoka alfajiri kwa sababu maji yalikuwa yanajaa, na nahodha hakutaka kubishana nayo.

Nitaiandika siku ya mlinzi wa misitu kama nilivyoielewa leo, kwa kuunganisha sheria za wakati ule na kazi niliyoiona kwa macho.

Siku yake ilipangwa na maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kwelikweli, mtumbwi unaingia hata kwenye vijito vya ndani kabisa, na huko ndiko wakataji walikokuwa. Wakati wa maji mafu hafiki mbali. Kwa hiyo ratiba yake ilisogea kila siku pamoja na mwezi, na mzungu wa ofisini aliyetaka taarifa saa mbili kamili ilibidi alizoee hilo.

Akifika kwenye kambi ya wakataji, la kwanza ni kibali: nani anakata, wapi, kiasi gani. La pili ni mahali penyewe. Kama sehemu imefungwa ipumzike, shoka lililosikika humo ni kosa. La tatu ni gome. Mkoko ukichunwa gome ukiwa umesimama hufa, na biashara ya magome iliwatia watu tamaa ya kuchuna haraka wakaenda zao. Mlinzi alitakiwa kuhakikisha gome linatoka kwenye mti uliokwisha angushwa. Kisha korja. Anasimama kwenye tope, boriti zinapangwa, anahesabu. Msimu wa kaskazi ukileta majahazi kutoka Arabuni, kati ya Desemba na Machi, kazi inakuwa usiku na mchana, maana kila nahodha anataka awe amepakia kabla ya kusi kuanza kuvuma, arudi nayo kwao. Ushuru hulipwa kabla tanga halijapandishwa.

Na yote hayo aliyafanya kati ya watu wake. Hilo sitaki kulipita haraka. Msitu uliofungwa kwa amri ya serikali ndio uliokuwa ukimpa jirani yake kuni, nguzo ya nyumba na kigingi cha mtego wa samaki. Agizo la kulinda misitu la mwaka 1904 lilieneza hifadhi za serikali sehemu nyingi za koloni, na mwaka uliofuata Vita vya Majimaji vililipuka kwenye vilima vya Umatumbi, kusini kidogo ya hapa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, na Mohoro si mbali na mikoko hii. Chanzo kikubwa kilikuwa pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, lakini kufungiwa msitu nako kulimo kwenye hesabu ya machungu. Mlinzi wa delta mwenye umri wa miaka arobaini mwaka 1914 alikuwa ameshaiona vita moja ikiwala jamaa zake. Ya pili ilikuja kwa maji.

Chakula cha jioni: wali, kamba wa nazi, na mbu wengi kuliko vyote viwili.

Jumatano, mtoni

Watu wa pwani walimpa Königsberg jina lake: manowari ya bomba tatu, kwa ajili ya mabomba yake matatu ya moshi. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914. Vita vilipoanza iliingia baharini, ikarudi na kujificha Rufiji mapema Septemba, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameipima milango ya delta kabla ya vita na Waingereza hawakuwa na ramani nzuri ya humu. Tarehe 20 Septemba ilichomoka mpaka Unguja, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini, ikarejea mafichoni. Mashine zake zilikuwa zimechoka. Haikutoka tena.

Leo tulipanda mto kuelekea sehemu ilikolala. Nilimwuliza nahodha kama angeweza kuficha meli ya zaidi ya mita mia moja humu. Hakujibu kwa maneno. Alikata mashine, akaturudisha nyuma kidogo kwa upondo, akaingiza mtumbwi kwenye mkono mwembamba wa maji. Tulipopinda kona moja tu, mto mkubwa tuliotoka haukuonekana tena. Sauti ya boti iliyopita kule tuliisikia, boti yenyewe hatukuiona.

Mabaharia walifunga matawi kwenye milingoti. Kwenye milango ya delta yalichimbwa mahandaki, zikatandazwa nyaya za simu, wakawekwa waangalizi. Sasa fikiria nani aliwaonyesha wapi handaki halitajaa maji bamvua likija, mti upi unabeba mtu juu bila kuvunjika, njia ipi ya nchi kavu inatoka Salale bila kuzama topeni. Meli ilikuwa na maafisa waliosomea bahari. Hili halikuwa bahari. Elimu iliyohitajika ilikuwa imekusanywa miaka kumi na sita na watu wanaohesabu korja, na kabla yao vizazi vingi vya wakataji na wavuvi. Naamini kabisa kwamba kituo cha misitu ndicho kilichokuwa mlango wa vita kuingilia delta, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na watu wanaoijua, mitumbwi, na orodha ya nani anakaa kijito gani.

Waingereza nao walilijua hilo. Manowari yao Chatham iliigundua Königsberg mwisho wa Oktoba 1914. Novemba 10 walizamisha meli ya makaa, Newbridge, ili kuziba mkono mmoja wa mto. Mikono mingine ilibaki wazi. Walileta ndege zilizoumizwa na joto na unyevu kuliko risasi. Kilichowasaidia zaidi ni mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Pretorius, aliyeingia delta kwa siri, akaona meli ilipo, kisha akakaa akipima kina cha maji na kujaa na kupwa kwake kwa mtumbwi, usiku kwa usiku. Naye alikuwa na wenyeji waliomwongoza. Kwa hiyo elimu ile ile ya mikoko ilikuwa pande zote mbili za vita.

Kazi ya kawaida ya mlinzi ilikufa hapo. Kaskazi ya mwisho wa 1914 ilivuma, lakini bahari ilikuwa imejaa manowari za Kiingereza. Mafia ilitekwa Januari 1915, na Machi pwani nzima ya koloni ikatangaziwa mzingiro. Bila jahazi hakuna korja, bila korja hakuna ushuru. Mlinzi aliyekuwa akisikiliza shoka akageuzwa kusikiliza mashine angani.

Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Hatukutoka. Bwana misitu alitumia siku kujaza fomu za vibali, nami nilimsomea tarakimu za korja kutoka kwenye daftari lake lililolowa.

Ijumaa, kijiji cha delta

Baada ya sala ya Ijumaa nilipelekwa kwa bibi mmoja anayeheshimika kwa kumbukumbu. Nilimwamkia, akaitika "marahaba, mwanangu", akanikalisha kwenye mkeka barazani. Nyuma ya nyumba yake kuna shamba la mpunga na dungu lake, kile kibanda kirefu juu ya nguzo ambapo watu hukaa kuwafukuza ndege, nguruwe na viboko. Nguzo zake ni za mkoko. Alizigonga kwa fimbo kunionyesha: "Hizi aliziweka marehemu mume wangu. Mchwa wamejaribu, wamechoka."

Nilimwuliza kuhusu manowari. Aliniambia alichosikia kwa wakubwa wake: kwamba kilichowatisha watu kilikuwa kuvutwa kwa vyuma.

Hili liko kwenye historia. Vyombo vya mashine ya Königsberg vilipoharibika, vilifunguliwa na kukokotwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikakokotwa tena kurudi. Vyuma vya tani, vimewekwa juu ya magogo na mbao, vinavutwa kwa kamba na mamia ya watu kupita porini, kwenye tope na mchanga. Tarehe 6 Julai 1915 boti mbili za mizinga za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikashindwa. Tarehe 11 zilirudi, ndege ikiwaelekeza risasi zinapoangukia, na Looff, akiwa amejeruhiwa, akaamuru meli yake izamishwe. Lakini mizinga yake yote kumi ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam kufungwa magurudumu, na kuanzia hapo ilikokotwa kwenye vita vya nchi kavu. Mmoja uko nje ya Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria, mwingine Jinja. Watu hupiga picha nayo. Kamba za kuvutia hazikuwekwa kwenye makumbusho yoyote.

"Mwenye kazi ya serikali hakuambiwa chagua," bibi alisema. "Akiambiwa leta watu, analeta. Asipoleta, yeye ndiye wa kwanza kwenye kamba."

Nimeyafikiria maneno hayo tangu mchana. Mlinzi wa misitu alikuwa na orodha ya wakataji. Orodha ya wakataji ni orodha ya wanaume wenye nguvu, wenye kuzoea kubeba magogo topeni. Serikali ya vita inapotafuta wavutaji, inaanzia wapi? Na mlinzi yule, anapofika kwenye kambi ambayo jana alikuwa anahesabu boriti, leo anahesabu watu. Sijui kama kuna kazi nzito kuliko hiyo kwa mtu anayerudi kulala kijiji hicho hicho.

Bibi alizungumzia njaa pia. Mwaka 1917 mapigano yalikuwa kwenye bonde lenyewe, mafuriko yalikuwa makubwa, na majeshi yote mawili yalikula kilichokuwa ghalani. Mpunga hauoti bila watu, na watu walikuwa kwenye mizigo. Hapo mikoko ilirudi kuwa ya watu kwa muda, kwa kuwa hapakuwa na wa kuilinda: samaki, kaa, kuni, chaza. Aliyejua vijito alikula.

Jumamosi, Kilindoni, Mafia

Kivuko kilitoka Nyamisati na maji ya kujaa. Nilisimama nyuma nikiutazama ukingo wa delta ukipungua mpaka ukawa mstari mmoja, na nikaelewa taabu ya Waingereza. Kutoka baharini milango yote inafanana. Boti zao za mizinga zilisubiri upande huu wa Mafia, kwenye ghuba ya Tirene, na uwanja wa ndege zao ulikuwa kisiwa hiki.

Karibu na gati la Kilindoni kuna mafundi wanaojenga mashua. Mataruma yamechongwa kwa mchu, yamepinda yenyewe tangu mtini. Fundi aliniambia huchagua tawi likiwa bado msituni, kwa jicho, na bwana misitu huligonga alama kabla halijakatwa. Kibali kilikuwa kimekunjwa kwenye mfuko wa shati lake. Nilimwomba nikione. Kina jina lake, aina ya mti, idadi, na sahihi ya aliyekagua.

Waliouawa kwenye Königsberg walizikwa karibu na mto, na majina yao yaliandikwa ubaoni moja moja. Nalipa heshima kaburi lile, walikuwa vijana mbali na kwao. Nataka na wale wengine wapate ubao wao. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zimehifadhiwa Dar es Salaam, na wiki ijayo naenda kuomba majalada ya misitu ya Rufiji, hasa hesabu za mishahara, kwa sababu serikali yoyote ikimlipa mtu humwandika jina. Na kama wewe ni mtu wa Salale, Kiomboni, Mbwera au Msala, na nyumbani kwenu kuna habari za babu aliyekuwa askari wa misitu enzi za Mjerumani, niandikie: jina lake, kijito chake, na alikuwa wapi manowari ilipokuja.